Siwema Anaposa Kazi

Si zamani wala si za kale. Ni majuzi tu hapa, na waliokuwapo bado wanakula wali wao vizuri. Kulikuwa na nchi ambayo jina lake tuliache, maana hubadilishwa kila baada ya uchaguzi, na sitaki niandike la zamani nikaonekana mpinzani. Nchi yenyewe ilikuwa na kila neema. Ilikuwa na mito, ina madini, ina mawaziri wa kutosha na wengine wa akiba, na ilikuwa na vijana wengi mno wenye shahada. Hao wa mwisho ndio waliokuwa kero, kwa sababu walitaka kazi.

Serikali, kwa huruma zake, iliwavumilia kwa muda mrefu. Ila siku moja Waziri wa Ajira na Staha aliamua kusoma barua za maombi kwa macho yake mwenyewe, tukio lililotangazwa redioni asubuhi, mchana na jioni. Akafungua ya kwanza. "Nipo tayari kufanya kazi yoyote," imeandikwa. Akafungua ya pili. "Nipo tayari kufanya kazi yoyote." Ya tatu vilevile. Mheshimiwa akavua miwani.

"Yoyote?" akauliza. "Hivi mtu mwenye adabu zake huenda kwenye nyumba za watu akasema, nipeni binti yeyote mliye naye humo ndani?"

Washauri wakatikisa vichwa kwa uchungu. Mmoja alilia kabisa, na mwezi uliofuata akapandishwa cheo. Wiki ileile ukatoka Waraka wa Posa.

Waraka ulisema hivi: kuanzia leo kazi haiombwi, kazi inaposwa. Kila mtafuta kazi, awe mwanamume awe mwanamke, mbele ya sheria ni bwana harusi. Kazi ni binti wa watu, na mkurugenzi wa idara ndiye baba yake. Bwana harusi hasemi neno, anamtuma mshenga. Wasifu wake haujisifu ovyo: unaandikwa na mshenga, unafukizwa udi, unafungwa kwenye leso na kupelekwa juu ya sinia la halua. Na kwa kuwa waandishi wa waraka walikuwa na haraka ya kwenda likizo, walipochoka kubuni waliandika tu mwishoni, "na mengineyo yote kama ilivyo ada ya ndoa," wakapiga muhuri. Mengineyo yenyewe ni yapi, hakuna aliyejisumbua kuyafikiria.

Wakubwa waliupokea waraka kwa shangwe. Waligundua mapema kwamba kwa ada, binti ana mume mmoja, lakini mume anaruhusiwa mpaka wake wanne. Dakta Sarahani Mapoza, mkurugenzi wa Idara ya Maji, alijaza nafasi zake zote kabla wino haujakauka. Alikuwa mkurugenzi, mwenyekiti wa bodi, mshauri wa bodi hiyohiyo, na Balozi wa Heshima wa Usafi. Alipoulizwa anawezaje, alisema anazihudumia zote kwa uadilifu, hakuna anayoipendelea. Hilo lilikuwa kweli tupu, maana hakuna hata moja aliyoikaribia.

*

Sasa katika nchi hiyo alikuwapo dada mmoja, Siwema binti Kheri, aliyesomea maji. Mtaani kwao bomba lilitoa maji ya rangi ya chai, wenyewe wakijifariji kwamba angalau wanabana matumizi ya majani. Siwema hakufarijika. Alikuwa na dada yake mkubwa ambaye watoto wake waliumwa matumbo kila mvua ikinyesha, na tangu chuoni alitaka kazi moja tu duniani, ya mpima maji wa mji. Hakutaka nyingine. Kila Jumatatu, kwa miaka, alikwenda Idara ya Maji, akasimama mbele ya mlango ulioandikwa MPIMA MAJI, akabisha, akasubiri, akarudi nyumbani na viatu vyake vya heshima mkononi.

Tena alikuwa na haraka. Sheria ya nchi ilisema kijana akifikisha miaka thelathini hajaajiriwa, jina lake linafutwa moja kwa moja kwenye daftari la watafuta kazi na anatangazwa Mjasiriamali wa Hiari. Hiari yenyewe hakuulizwa mtu. Unaletewa beseni la karanga na hotuba ya kukupongeza, na baada ya hapo hakuna ofisi inayoruhusiwa kukuajiri maisha yako yote, maana itakuwa inakuharibia biashara. Siwema alikuwa anatimiza thelathini siku ya Ijumaa. Jumatatu ya wiki hiyo, gazeti la serikali likatoa tangazo: nafasi ya mpima maji, posa zitapokelewa Jumatano.

Alilisoma amesimama, akalisoma tena amekaa. Tangazo lilitaka bwana harusi ambaye hajawahi kuoa, mwenye uzoefu wa ndoa usiopungua miaka mitano.

Msidhani Siwema alikuwa hajajiandaa. Alikuwa amepita Chuo cha Mawasiliano ya Staha, akafundishwa kubisha hodi kitaaluma, kuanza barua kwa "rejea mazungumzo yetu mazuri" hata kama hamjawahi kuonana, na kulipamba kila jambo. Aliyekaa nyumbani bila kazi, aandike amebobea katika usimamizi wa makazi. Aliyefukuzwa, aandike ameruhusiwa kutafuta upeo mpya. Na ukiulizwa udhaifu wako, unajibu: "Udhaifu wangu mkubwa ni kufanya kazi kupita kiasi." Wahitimu wote walijibu hivyo, mpaka Wizara ya Afya ikatuma daktari kuchunguza ugonjwa huu wa kufanya kazi kupita kiasi uliozuka ghafla miongoni mwa watu wasio na kazi. Daktari alikaa hotelini wiki kadhaa, akaandika kwamba hali inatia moyo.

Kilichomkosesha Siwema ni mshenga. Washenga wenye leseni walikuwa wameshikwa mpaka mwakani. Ikabidi ategemee yale mengineyo ya waraka, maana kwa ada shangazi wa damu anatosha. Akaenda kwa shangazi yake, Bi Mwatumu.

Bi Mwatumu alikuwa mshenga wa ndoa za kweli, za watu na watu, na alijisikia kwelikweli. Alijigamba kwamba hajawahi kutoka nyumba ya watu na jibu la hapana. Ofisi hakuwahi kuzikanyaga na hakuona sababu ya kuziogopa.

"Andika, mwanangu," akasema, amejilaza kwenye mkeka na kikombe cha kahawa. "Anza na ukoo."

"Shangazi, hawa wanataka kwanza uzoefu."

"Uzoefu! Bwana harusi mwenye uzoefu anatakiwa na nani? Watauliza aliupatia wapi."

"Basi niandike ni mbunifu, ninaweza kufanya kazi na watu na pia peke yangu..."

"Peke yako? Ndoa gani hiyo?" Bi Mwatumu akaweka kikombe chini. "Futa. Andika: ametulia, hana makuu, anarudi nyumbani mapema. Kwao si wagomvi. Andika na hilo la maji, kwamba amelisomea, na anampenda huyo binti tangu zamani, kila wiki alikuwa anapita mlangoni kwao."

Siwema akaandika. Alipofika pale pa kupita mlangoni aliandika kwa herufi kubwa kidogo, maana katika wasifu zote alizowahi kuandika, hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la kweli.

*

Jumatano wakafika Idara ya Maji. Chumba cha posa kilikuwa kimetandikwa mazulia. Nyuma ya meza ndefu alikaa Dakta Mapoza kama baba wa binti, kulia kwake wajomba watano wa kiofisi ambao hawakufahamika ni wa idara gani, na pembeni katibu wa kikao, mama wa makamo ambaye kabla ya kila kikao hula kiapo cha kusema kweli. Ni kiapo cha sherehe tu, kama zilivyo nyimbo, na hakijawahi kumdhuru mtu. Katikati ya chumba palikuwa na kiti kimefunikwa khanga mpya gubigubi. Hiyo ndiyo kazi.

Siwema akakaa chini, macho sakafuni, kama alivyofundishwa. Bi Mwatumu akasogeza sinia la halua mezani, akalipia hodi yake kwa maneno matamu, akakohoa.

"Tumesikia hapa kuna binti," akasema. "Nasi tuna kijana wetu."

Wasifu ukafunguliwa kwenye leso, ukanuswa, ukasifiwa udi wake. Hakuna aliyeusoma. Dakta Mapoza akasimama kutoa hotuba ya kitaalamu.

"Kwa muktadha wa mwelekeo wa kimkakati wa rasilimali watu," akaanza, "idara imepokea posa hii kwa mikono miwili na itaifanyia kazi kwa kuzingatia vigezo vya kuzingatiwa. Kimya chetu ndicho kitakuwa majibu. Ahsanteni, karibuni tena."

Wajomba wakapiga makofi, wakaanza kukata halua. Kwa kawaida hapo ndipo posa zote zilipoishia. Washenga wa leseni waliinama, wakashukuru kwa fursa ya kukataliwa na kutoka kinyumenyume.

Bi Mwatumu hakuinuka. "Baba, bado," akasema. "Sijauliza."

"Kuuliza nini, mama?"

"Kile kinachoulizwa siku zote. Binti ana mwenyewe?"

Visu vikasimama juu ya halua. Nawaambieni, katika miaka yote ya waraka ule, katika idara zote, swali hilo lilikuwa halijawahi kuulizwa hata mara moja. Na Bi Mwatumu hakuliuliza kwa ujanja. Aliliuliza kwa mazoea tu, maana mshenga asiyeliuliza ataposa mke wa mtu, na akiposa mke wa mtu basi jina lake limekwisha mji mzima.

Dakta akacheka kicheko cha kikao. "Mama yangu, tangazo lipo gazetini. Kama angekuwa na mwenyewe tungetangaza?"

"Sikukuuliza wewe, wewe ni baba, utamsifia mwanao. Namuuliza huyu mama aliyekula kiapo." Akamgeukia katibu. "Mwenzangu, binti ana mwenyewe?"

Katibu akamtazama Dakta, akamtazama Siwema pale chini. Kiapo cha sherehe, mbona leo kinamdai?

"Ana mume," akasema kwa sauti ndogo. "Kaolewa siku nyingi. Na Bwana Mzamilu, mpwa wake Dakta."

"Ala!" Bi Mwatumu akaruka juu. "Mke wa mtu mnamtembeza gazetini! Mnamfunika khanga mnamweka mbele ya wanaume! Nitatoka hapa nitapiga mayowe mpaka sokoni, watu wajue nyumba hii mabinti wanaposwa wakiwa wameolewa!"

Siwema akazihesabu Jumatatu zake. Miaka yote ile alibisha mlangoni kwa mke wa mtu! Alitamani ardhi ipasuke aingie, kisha hasira zikampanda, kisha akajisikia kulia. Lakini bwana harusi hasemi.

*

Dakta Mapoza alikuwa na akili za haraka, hasa palipokuwa na fedheha. Akampigia simu mpwa wake, akamwita aje mbio, na Bwana Mzamilu akafika amevaa kaptura na miwani ya jua. Alikuwa kijana mwungwana sana. Alipoelezwa, hakuleta ubishi.

"Ipi hiyo?" akauliza. "Ya maji? Niiache? Haya, nimeiacha. Nina nyingine tatu, alhamdulillahi."

Wajomba wakashusha pumzi. Dakta akarudi kitini akitabasamu, na tabasamu lile halikumpendeza Siwema hata kidogo.

"Mama, mambo yamekwisha kiungwana," akasema Dakta. "Binti yuko huru. Ila waraka umesema yote kama ilivyo ada, na mwanamke akiachwa anakaa eda. Miezi mitatu. Baada ya hapo karibuni, mlango uko wazi."

Miezi mitatu! Na Ijumaa ndiyo keshokutwa. Siwema akaona beseni la karanga linakuja kwa miguu yake lenyewe. Akauma mdomo asilie mbele za watu.

Bi Mwatumu alikuwa anachezea ncha ya mtandio wake. "Eda ipo, sikatai," akasema polepole. "Kwa mke ambaye mume ameingia ndani. Kama alimwoa akamwacha bila kukanyaga nyumbani kwake, hakuna eda. Hiyo mpaka watoto wa madrasa wanaijua. Sasa niambieni, huyu mume aliwahi kuingia ndani?"

Dakta akapauka. Kusema hakuingia ni kuzua maswali juu ya mshahara, na mshahara ulikuwa unaingia vizuri sana. Akamkonyeza mpwa wake.

"Kuingia?" Mzamilu akajibu kwa kujiamini. "Kila siku! Asubuhi na mapema naingia, jioni natoka. Nimeitesa miguu yangu kwa ajili ya taifa hili."

"Unaapa ndivyo?" katibu akauliza, maana kiapo kilikuwa kimeshaanza kumkolea.

"Naapa."

Basi ikawa imekwisha. Wajomba wakarudia halua. Bi Mwatumu, kwa mara ya kwanza katika ushenga wake, akavuta leso yake aikunje, aondoke na jibu la hapana. Na hapo Siwema, aliyekatazwa hata kukohoa, akainua uso.

"Mlango unafungukia ndani au nje?" akauliza.

Chumba kizima kikageuka.

"Bwana harusi amesema!" Dakta akapiga meza. "Posa imevunjika!"

"Imevunjikaje?" Bi Mwatumu akaiachia leso. "Bwana harusi anakatazwa kujisifu. Kajisifu wapi hapo? Kauliza mlango. Mjibu, kijana, unaogopa mlango?"

"Niogope nini?" Mzamilu akacheka. "Unafungukia ndani. Nausukuma kila siku kwa mkono huu."

"Twendeni tukauone," akasema Siwema, na akasimama bila kumngoja mtu.

Wakaongozana ukumbini, Dakta, wajomba na vipande vyao vya halua, katibu, Mzamilu na kaptura yake. Siwema alikuwa mbele, njia anaijua. Walipofika akajiweka kando, wakaona wenyewe. Mlango, ukiacha yale maandishi, ulikuwa umepakwa rangi pamoja na ukuta, rangi juu ya rangi, kila uchaguzi rangi yake, mpaka kitasa kimekuwa kinundu. Juu yake ilitundikwa picha ya Mheshimiwa Rais kwa misumari minne. Siwema, siku zote, alikuwa anabisha chini ya picha hiyo.

Hakuna aliyethubutu kucheka, kwa sababu ya picha. Mzamilu akavua miwani ya jua, akausukuma mlango kwa mkono ule aliouapia. Akausukuma kwa bega. Akabaki amesimama, akajikuna shingo.

"Labda ni ofisi nyingine," akasema.

Katibu akaandika. Dakta alimwomba asiandike, lakini akaandika: hakuingia ndani. Na chini yake: hakuna eda.

*

Alhamisi picha ya Rais iliteremshwa kwa heshima zote, kukiwa na bendi ndogo, na mlango ukabanduliwa kwa patasi. Siwema akaoa siku hiyohiyo. Bi Mwatumu alipiga vigelegele mpaka wajomba wakajiunga, wakisahau wako upande gani. Ndani mlikuwa na meza, buibui wa kila umri, na masanduku ya vipimo ambayo hata nailoni yake haikuwa imetolewa. Siwema alifunga mlango, akakaa sakafuni katikati ya vumbi na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa raha, kwa sauti, maana sasa hakuna waraka uliomkataza.

Kuanzia hapo akaja kazini kila siku, jambo lililozua minong'ono. Kwamba mume gani huyu hatoki nyumbani? Ana wivu? Wenzake wakamtuma mtu amshauri atembee tembee kidogo, asiwaaibishe. Yeye akawa yuko juu ya matangi na kwenye mabomba, anapima, anaandika matokeo kwa lugha isiyo ya chuoni. "Maji haya ni machafu," aliandika. Barua hiyo ilizunguka wizara nzima kama kioja, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewahi kuona taarifa ya mstari mmoja. Waliisoma wakatafuta ukurasa wa pili, wakaukosa, ikabidi wasafishe tangi la kwanza.

Kumbe mjini mambo yalikuwa yanachemka. Habari za posa ile zilifika kila mkeka na kila msiba, na asubuhi moja Idara ya Maji ilizungukwa na mashangazi. Mashangazi wanene, wembamba, wenye mitandio ya kila rangi, kila mmoja na kijana wake aliyekaa nyuma yake macho chini. Hawakuwa na bango wala kelele. Askari waliotumwa kuwatawanya waliwakuta humo shangazi zao, wakawaletea viti.

Dakta Mapoza akatoka mlangoni na tabasamu la kikao. "Mama zangu, tuwasaidie nini?"

"Tumekuja kuuliza tu, baba," akajibu wa mbele kwa upole. "Zile zako nne. Kuna ambayo umewahi kuingia ndani?"

Dakta akarudi ndani bila kutoa hotuba. Jioni hiyo ziliachwa tatu, na kwa kuwa hazikuwa na eda, kesho yake zilikuwa zimeshapata wenyewe. Akabakiwa na moja, ukurugenzi. Mashangazi wakamwambia watapita Jumatatu kumsalimia nyumbani kwake, yaani ofisini.

Jumatatu, kabla ya saa za kazi, Siwema akasikia hodi ndogo mlangoni pake. Alikuwa Dakta Mapoza mwenyewe, bila msaidizi, tai imekaa upande. Akachungulia ukumbini huku na huku, akaingia, akaurudisha mlango taratibu.

"Siwema, mwanangu," akasema kwa kunong'ona, na sauti yake kwa mara ya kwanza haikuwa na muktadha wala mkakati. "Nimeingia ndani. Nimekuwa mle ofisini tangu alfajiri, nimekaa, nimewasha taa, nimeizima. Hivi, mtu akishaingia, huwa anafanya nini?"

Siwema akamtazama yule mzee wa watu, akamwonea huruma kweli. Akamsogezea chupa tupu ya vipimo, akamwonyesha bomba lilipo. Dakta akaipokea kwa mikono miwili.